Bunduki Iliyoshiba Mafuta

Jumatatu lilikwama komeo la mlango. Jumanne ikakwama zipu ya begi la shule la Denis, na Jumatano cherehani ambayo Elieth alikuja nayo alipoolewa ikagoma katikati ya mshono. Kila kilichokwama kilikutwa na mafuta mazito, meusi kwa vumbi.

"Baba Denis, umepaka wewe?"

"Hapana," Selestine akamjibu mkewe. Hilo lilikuwa kweli. Uongo wake ulikuwa mwingine.

Selestine alikuwa fundi wa silaha mstaafu. Kabla ya jeshi alitunza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu pale Runzewe, na karasha hupakwa grisi bila huruma. Mazoea hayo akaenda nayo vitani, nje ya nchi, kwenye barabara za vumbi tupu. Alifundishwa kupaka bunduki tone tu na kulifuta. Yeye akazilowesha, akajiona fundi kweli kweli. Alasiri moja, saa tisa, wakavamiwa. Masele, rafiki yake wa hema moja, akakoki bunduki. Chuma kikaenda nyuma, hakikurudi mbele kuingiza risasi. Vumbi lilikuwa limegandia kwenye mafuta ya Selestine. Masele alikufa akihangaika nayo.

Walipohojiwa, Selestine alisema marehemu hakuwa na kawaida ya kusafisha bunduki yake. Ikaandikwa hivyo. Mama yake Masele, bibi Serafina, akasomewa hivyo pale Ibadakuli, mbele ya majirani.

Alhamisi, saa tisa alasiri, jua likiwaka, sauti ikaanza nyuma ya kabati. Klak. Chuma kilivutwa nyuma, kikabaki huko huko.

"Kuna mtu humu," Elieth akanong'ona.

"Nyamaza."

"Mbona hamalizi? Anasubiri nini?"

Selestine alijua ni Masele, na aibu ikamla, huku kila siku saa ile ile sauti ikisogea, kutoka kabatini hadi uvunguni, kutoka uvunguni hadi kwenye kiti alichokalia, na harufu ya mafuta ya bunduki ikaingia kwenye ugali, kwenye mto, kwenye nywele za mtoto, mpaka akawa anaogopa hata kupumua ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wakamwita Zipora, mganga wa Bukombe. Akanusa komeo, akamkataa mbuzi aliyeandaliwa.

"Huyu hataki damu. Anataka ukamwambie mama yake ukweli. Na uwahi, baba. Anaanzia kwenye vyuma, atafika kwenye mdomo wako."

Selestine aliona haya. Akakaa siku tatu nzima, akisema kesho. Siku ya nne akaenda Ibadakuli.

"Shikamoo, mayu," akamwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja." Bibi Serafina akamshika mkono. "Nataka nikuombe radhi. Mwanangu alibeba bunduki chafu, angewaua nyote."

Moyo wa Selestine ulipasuka. Akafungua kinywa. "Mayu, mi..." Taya likakwama. Akavuta neno, likagoma, akavuta tena, na badala ya neno yakatoka mafuta meusi, yakamtiririka kidevuni.

Bibi kizee akamfuta kwa pindo la kanga, kama anavyofutwa mtoto. Halafu akalinusa lile pindo. Akaingia ndani, akarudi na shati la kijeshi ambalo hakuwahi kulifua tangu lirudishwe. Akalinusa nalo.

"Ni yale yale," akasema polepole. "Haya mafuta nani alikuwa anayapaka?"

Selestine hakuweza kusema. Akainua mkono, akajigonga kifuani mara moja.

Bibi Serafina hakupiga kelele. Alilikumbatia shati, akakaa chini, akaanza kumwomba radhi mwanawe kwa Kisukuma, akimtaja kwa jina la utotoni. Ilikuwa saa tisa.

Klak, nyuma ya kisogo cha Selestine.

Safari hii chuma kikarudi mbele.