Mgeni wa Kwanza Jukwaani

Saa nne kasorobo asubuhi, kabla jukwaa lao la hadithi mtandaoni halijafunguliwa kwa watu, kompyuta ya sebuleni kwao ilionyesha kuwa msomaji mmoja yumo tayari.

"Ni wewe huyo," mwandishi alimwambia kaka yake, fundi wa mitambo.

"Mimi sijaingia, dada."

Wakacheka. Walikuwa wamehangaika miaka miwili na hadithi ambayo msomaji mwenyewe humchagulia mhusika njia, wasingebabaishwa na hesabu ya mashine. Tena walikuwa na kivutio chao: kila aliyebonyeza picha ya mlango alisikia sauti ya binti wa mwandishi, mtoto wa miaka sita waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo: "Karibu, ingia ndani."

Bibi yake hakuipenda kazi hiyo. "Mtoto hakaribishi asiowaona," alisema. "Si kila anayebisha hodi ni mtu." Wakamwambia mama yao kwamba hayo ni mambo ya kale.

Saa nne wakafungua. Wasomaji wakafika mia, kisha mia tatu, na wote wakaanza kuandika wakiulizia njia moja, ile inayofika kwenye chumba chenye pazia la njano, alipolala mtoto mwenye soksi moja.

Mwandishi akaingiwa na hofu. Hakuwahi kuandika chumba hicho. Pazia la njano lilikuwa chumbani kwa Kasuku, ambaye siku hiyo hakwenda shule kwa sababu ya mafua.

"Iondoe sauti yake," alinong'ona.

"Nimeshaiondoa. Wanasema bado wanaisikia."

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa sebuleni, na kutoka chumbani ikasikika sauti ya Kasuku, karibu, ingia ndani, karibu, ingia ndani, bila kupumua, na fundi akang'oa nyaya zote ukutani huku dada yake akikimbia, akausukuma mlango kwa bega, akausukuma tena, mpaka ukaachia akamkuta mwanawe ameketi kitandani, soksi moja mguuni, midomo imefumbwa.

Nyumba ikanyamaza.

"Mwanangu, niite," alisema akimkumbatia. "Sema mama."

Kasuku akafungua mdomo. Ikatoka pumzi tu. Akajaribu tena, machozi yakimtiririka.

Kule sebuleni, kwenye kompyuta isiyo na umeme, sauti yake ikajibu kwa adabu:

"Asante. Nimeshakaribia."