Jumamosi ya Kadi ya Salamu

Siku ya soko pale Daraja Mbili, mwaka wa tisini na sita, Abigael alijikuta akivutania koti la mtumba na kijana mmoja mwembamba mwenye tai ya manjano.

"Dada, hili ni la kiume."

"Ni la mdogo wangu. Wodini kuna baridi."

Kijana akaliachia. Aliitwa Ronny Onchiri, karani wa Nyamira. Lakini redioni, kwa heshima zote, alikuwa Jenerali wa Salamu, maana kila wiki alituma kadi zisomwe hewani, kuwasalimu wasalimiaji wenzake ambao hakuwahi kuwaona.

Mwezi haukwisha wakawa wapenzi, na Abigael akamweleza hofu yake: Persis, mdogo wake, alihitaji kupasuliwa moyo, na harambee ingefanywa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwao Kiogoro.

"Nitawaita wasalimiaji wote redioni," Ronny akasema.

"Watu wa salamu watatoa nini, mpenzi, zaidi ya salamu?"

"Utaona, malkia."

Hakuona. Walikuja majirani tu, na mchango haukutosha. Jumatatu akampigia Ronny simu kutoka dukani kwa Bharat.

"Kadi yako haikusomwa, Jenerali."

"Iko kwenye foleni, Abi. Kadi ni nyingi huko."

"Moyo wa Persis haupangi foleni." Akakata.

Wiki mbili alikataa simu zake. Persis alizidi kudhoofika hospitalini, na Abigael akawa anashtuka hata mbwa akibweka. Kisha, Jumamosi adhuhuri, akianika nguo, akaona umati ukipanda njia ya kwao: nguo za kanisani, mwendo wa polepole, sura ngeni tupu. Wageni wengi hivyo huja nyumbani kwa jambo moja tu. Beseni likamponyoka. Akaketi matopeni.

Wa mbele alivaa tai ya manjano.

"Sema upesi," Abigael akanong'ona. "Amekufa?"

"Nani? Abi, kadi ilisomwa jana. Niliandika 'Jumamosi hii', tarehe nikasahau. Basi wamekuja Jumamosi hii." Akageuka. "Yule ni Mama Mvua wa Kenyenya. Huyu Simba Mpole ametoka Kitale na kuku wake."

Abigael akalia, akacheka, akalia tena. Kufikia jioni baba yake alikuwa amekalia mfuniko wa debe la mchango ili ufunge. Persis angepasuliwa Jumatano. Hofu ilikuwepo bado, ila sasa waliigawana watu mia.

"Kwenye kadi ijayo," Ronny akauliza, "nikutaje kama nani wangu?"

Abigael akakung'uta matope kwenye gauni.

"Mke. Ila safari hii andika tarehe."