Vijikaratasi vya Kamusi

Kila siku akitoka shule, Kamusi alivua viatu, akanywa maji, akajipenyeza chini ya meza ya cherehani ya bibi yake kujifunza maneno kumi ya Kiingereza. Si yale mepesi ya paka na kikombe, la. Yale magumu ya kung'ata ulimi. Neno upande huu wa kijikaratasi, maana yake upande wa pili. Ndiyo maana darasani walimwita Kamusi, na jina lilimkaa vizuri kama kofia mpya.

Siku hiyo bibi alikuwa akipekua kila kona.

"Mjukuu wangu, hujaiona karatasi ya kukatia mikono ya gauni la nesi? Niliitundika hapa msumarini."

"Sijaiona, Bibi."

Alidanganya. Karatasi ile ya kaki alikuwa ameikata juzi vipande arobaini, akidhani ni ya zamani. Vilikuwa ndani ya kopo, mapajani pake.

Bibi akafungua droo ileile mara ya tatu. Jirani, fundi viatu, akachungulia mlangoni. "Juzi ulitafuta miwani, kumbe umeivaa!"

Bibi akacheka, lakini kicheko kikakatika njiani. Akaketi, akaifunika cherehani kitambaa.

"Ndio uzee huu. Leo nimepoteza karatasi, kesho nitaharibu kitambaa cha mtu. Nesi atafute fundi mwingine. Mimi basi."

Kamusi akashika kijikaratasi asome, wapi! Chini ya mwandiko wake ulipita mstari wa penseli wa bibi, umekatwa katikati. Machozi yakamlengalenga. Akatoka chini ya meza.

"Bibi, kichwa chako ni kizima. Ni mimi. Nimeikata." Akamwaga kopo lote sakafuni.

Bibi akaokota kipande kimoja, akakigeuza. "Na nilipokuuliza?"

"Niliogopa."

"Ukaogopa, ukaniacha nijione nimechakaa."

Kamusi akainamisha kichwa. Wakapiga magoti wote wawili, wakaunga vipande kwa gundi juu ya gazeti, wakiufuata ule mstari, mpaka mkono wa gauni ukarudi, umejaa Kiingereza.

"Nesi atavaa mikono iliyosoma!" bibi akasema, akaifunua cherehani. Kisha akamshika mjukuu kidevu. "Jifunze maneno, hata elfu. Lakini ukikosea, sema mapema, 'Ni mimi.' Ukichelewa, mzigo wako anaubeba mwingine."

Kamusi akaokota kopo tupu, akaenda kuomba karatasi kwa fundi viatu. Safari hii aliuliza kwanza.