Mtani Mwenye Pete Nyekundu

Jichosheria lilielea juu ya matanga ya Mzee Kihwele, chuma cha mviringo ukubwa wa kibuyu, likigeuka polepole. Iringa nzima ilikuwa chini yake. Liliutazama kila mkono wa mtu na kupima ulikwenda wapi na kwa nini, kisha hukumu ikashuka papo hapo kwenye pete ya mwenendo ambayo kila raia aliivaa kidoleni. Kijani ni mtu safi. Nyekundu ni mhalifu. Mahakama zilifungwa, polisi wa kuhongwa wakaisha, na watu walilipenda jicho hilo kwa sababu hiyo. Tusidanganyane, hata Gaudensi Ngonyani, fundi wa kuchomelea vyuma, alilipenda.

Siku hiyo Ngonyani aliingia msibani kama wanavyoingia watani. Alikuwa amevaa koti la marehemu, akichechemea kama yeye.

"Pisheni! Huyu mzee nilimwambia asife kabla hajanipa mbuzi wangu. Sasa kaenda kujificha shimoni! Wahehe bwana, hata kufa mnakufa kwa uchoyo!"

Bibi Semkiwa, mjane, ambaye tangu jana hakuwa ametia kitu mdomoni, alicheka huku machozi yakimtoka. "Mngoni mwenye njaa wewe! Mwache mume wangu apumzike!"

"Apumzike nini? Maisha yake yote alikuwa anapumzika!"

Mababu wa Wangoni na Wahehe walipigana vita hadi wakachoka, na badala ya kulipizana kisasi wakaamua kutaniana. Tangu hapo mtani hutukana na hasusiwi. Huchukua mali msibani na haitwi mwizi. Wafiwa humrushia matusi, humpa pombe ya ulanzi, naye huachia alichochukua. Uchungu unapungua, mambo yanaisha.

Basi Ngonyani akamfungua mbuzi wa matanga, akaanza kumkokota kuelekea barabarani. Watu wakapiga vigelegele.

Jichosheria likashuka.

"Mbuzi amechukuliwa. Mwenye mali ni Festo Kihwele. Festo Kihwele, ulimruhusu mtu huyu?"

Watu walizidi kucheka. Ngonyani mwenyewe alicheka. Festo, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa mtani wake tangu wakiwa watoto. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha: huyu ni mtani wangu.

Lakini sheria ilisema anayemkingia mwizi kifua hugawana naye rangi. Na Jumatatu Festo alikuwa aapishwe kuwa msimamizi wa maji ya mji. Mwenye doa haapishwi.

Festo aliitazama pete yake. Kisha akatazama chini.

"Sikumruhusu," alisema.

Ni kweli, hakumruhusu. Tangu lini mtani akaomba ruhusa?

"Festo!" mama yake alipiga kelele. "Mwanangu, una wazimu?"

Pete ya Ngonyani ilikuwa imeshageuka nyekundu.

Lango la karakana lilikataa kumfungukia. Dukani kila mtu alishika mfuko wake. Jirani aliyekuwa akimwazima nyundo akaanza kufunga mlango kwa ndani. Ngonyani akawa anapita kandokando ya kuta ili asitazamwe, nalo jicho likamwona anapita kandokando ya kuta, likaandika: anajificha. Pete ikakolea. Alimwambia mkewe, "Walianza kuniita mwizi. Sasa hata miguu yangu inatembea kiwizi."

Festo alikuja baada ya kuapishwa, akimvuta yule mbuzi. Jichosheria lilikuwa likielea juu ya paa.

Ngonyani alimsubiri mlangoni. Laiti angetukanwa tu! Festo angesema, "Mwizi wewe, chukua mbuzi wako ukafe naye," Ngonyani angecheka, na pete ingebaki nyekundu lakini moyo ungepoa. Alimsubiri kabisa. Hata midomo yake ilikuwa imeshaanza kujiandaa kumjibu.

Festo alitupia macho juu, kisha akasema kwa sauti ya ofisini, "Naomba radhi kwa yaliyotokea. Nilibanwa. Nimekuletea mbuzi."

Mtani haombwi radhi. Anayeombwa radhi ni mtu baki.

"Asante, Bwana Kihwele," Ngonyani alisema. "Karibu uketi."

Festo alishtuka kama aliyepigwa kofi. Maisha yao yote hakuwahi kuitwa bwana na mtu huyu.

"Gaudensi, nitukane basi," alinong'ona. "Nitukane hata kidogo."

Ngonyani alimrudishia kamba mkononi, taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni kitu.

"Mbuzi si wangu, bwana. Hukuniruhusu."

Juu ya paa jichosheria liliwageukia wote wawili, likapima, likatoa hukumu yake:

"Mazungumzo ya heshima. Hakuna kosa."