Behewa Lililokwisha Katwa

Mjomba wangu ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kuangalia treni. Tangu aache ushonaji, kila alasiri hubeba daftari lake, akakaa kwenye benchi la mwisho la stesheni yetu na kuandika namba ya kila injini na kila behewa linalopita. Watu walimbandika jina la Namba, naye akalipokea vizuri tu. Sisi wapwa zake tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizi sicheki.

Stesheni ile ina njia kuu ya treni za watu waendao kazini, na pembeni kuna tawi, reli moja tu inayopotelea nyuma ya magodauni. Ili treni zisikutane uso kwa uso humo, dereva haingii tawini mpaka akabidhiwe bamba la chuma, nalo ni moja tu. Likiwa limening'inia ukutani ofisini kwa stesheni masta, ujue tawi ni tupu.

Ilikuwa Jumanne, jua linawaka. Mjomba alikuwa akimsubiri bintiye, binamu yangu, anayefanya kazi maabara jirani na hapo, ili warudi wote nyumbani kwa treni ya tawi ya saa kumi na nusu. Mama yake binamu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo msichana aliongea kwa nadra. Mjomba hakutaka asafiri peke yake. Alikuwa amebakiwa na huyo tu.

Saa kumi na dakika nne, treni ikatokea tawini. Behewa moja, polepole, bila honi. Mjomba akaandika namba yake kwa furaha: 3117. Kisha kalamu ikasita. Behewa hilo alilishuhudia mwenyewe likikatwa vipande karakana, miaka sita nyuma. Alisimama pale mpaka kipande cha mwisho.

Akakimbilia dirisha la stesheni masta kuuliza ni nani aliyeruhusiwa kuingia tawini. Yule bwana alinyoosha kidole ukutani. Bamba lilikuwa mahali pake.

Behewa lilisimama. Mlango ukafunguka. Hakushuka mtu. Ndani abiria walikuwa wamekaa kimya, wote wamewapa mgongo walio nje. Hakuna aliyegeuka.

Alipotupa macho tena mlangoni, binamu alikuwa ameshafika. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani. Alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima. Mjomba alikimbia, akaudaka mkono wa kushoto.

"Njoo, Kijiko," sauti ikanong'ona kutoka ndani.

Kijiko lilikuwa jina lake la utotoni. Mama yake peke yake ndiye aliyemwita hivyo.

"Baba, niachie," binamu akasema taratibu. "Ni mama."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikuachii."

Akavuta. Binamu hakusogea. Akavuta tena. Viatu vya msichana vikaanza kuteleza, kidogo kidogo, kuelekea ndani. Mjomba alilia, wala hafichi. Alilia mbele za watu, akamwita marehemu kwa jina walilokuwa wakiitana chumbani.

"Mke wangu," akanong'ona, "nibakizie huyu."

Ghafla wote wawili wakaanguka chali. Mlango ukajifunga. Behewa likarudi lilikotoka, na stesheni masta akaizuia treni ya saa kumi na nusu mpaka reli ya tawi ikaguliwe yote. Mafundi waliifuata kwa miguu hadi mwisho. Hawakukuta kitu.

"Usidhani nilimshinda nguvu," mjomba huniambia. "Niliachiwa."

Alama za vidole vya mjomba kwenye mkono wa kushoto wa binamu zilifutika baada ya wiki. Za mkono wa kulia zipo hadi leo, vidole vitano vyembamba vya mwanamke, nami nimeviona kwa macho yangu. Daktari alimpa dawa ya kupaka. Mjomba aliikuta kabatini, haijafunguliwa. Binamu hataki zifutike. Akilala, huuweka mkono huo chini ya shavu, na kila asubuhi alama huwa nyekundu, mbichi, kama za mtu aliyeachia sasa hivi.