Kibati Namba Saba

Naungama mbele ya mungu Ganpati: mchana ule wa mvua sikuingia handakini. Mimi na rafiki yangu Dattaram tulikuwa walinzi wa reli ya Konkan, pwani ya India. Kila zamu, kila mmoja alianzia upande wake akitazama maporomoko ya mawe, tukikutana katikati ya handaki na kubadilishana vibati vya shaba, ushahidi kwamba njia nzima imekaguliwa. Siku hiyo nilibaki kibandani nikinywa chai.

Dattaram aliingia na taa yake. Hakusikia kitu ila matone, kisha vishindo vya miguu vikimjia juu ya kokoto.

"We Vishram, leo umewahi! Mkeo kakufukuza?" akatania, akidhani ni mimi.

Mwenzake hakuwa na taa. Mkono ulinyooshwa kutoka gizani, baridi kama samaki, ukampa kibati na kupokea chake. Sauti ikasema, "Jiwe liko relini upande wangu. Zuia treni."

Dattaram alitimua mbio akipunga bendera nyekundu, na treni ya abiria ikasimama mlangoni mwa handaki. Jiwe walilikuta kweli, kubwa kama nyati.

Jioni akaja kunikumbatia. "Umeokoa watu, kaka!"

Nilitoa mfukoni kibati changu, namba saba. Naye akatoa alichopewa: namba saba, na mkwaruzo uleule nilioutia kwa kisu. Kilikuwa bado kinachuruzika maji. Cha Dattaram hakijaonekana mpaka leo.

Kesho zamu ni yangu. Tafadhali, Ganpati, nisindikize hadi katikati.