Tandala Aliyechunwa Macho Wazi

Wewe unayesoma hapo, umewahi kumchuna mnyama aliyekufa saa mbili zilizopita, ukamsikia anashusha pumzi?

Semboja alimsikia. Pumzi ndefu, ya mtu aliyechoka, kisha harufu ya udi pale palipotakiwa kunuka damu. Digrii yake ya usimamizi wa wanyamapori haikuwa na topiki hiyo. Miaka minne ya "tutakupigia", hawapigi, hadi akaishia kibarua wa kisu kwenye kambi ya uwindaji kule Mazingara, chini ya meneja Erasto, ambaye cheti chake hakuna aliyewahi kukiona.

Siku hiyo mgeni alikuwa ameangusha tandala dume. Mjomba wake Semboja, mzee Mbwana, mchunaji wa miaka thelathini, alikata majani mabichi amfunike mnyama macho. Ndivyo walivyofanya kwao tangu enzi za babu: mwenye pori, yule jini, ana mifugo yake, na mnyama huendelea kuona mpaka ngozi imtoke. Erasto aliyapiga teke majani yale. Mgeni anataka picha, akasema, anataka macho. "Eyes open, mzee. Mambo ya uchawi pelekeni nyumbani. Na wewe msomi, pasua."

Mbwana aliweka kisu chini, akasogea pembeni. Semboja hakuweza. Kibarua chenyewe alikipata kwa kubembeleza. Alipasua kisogoni, kutoka katikati ya pembe hadi mabegani, na hapo ndipo pumzi ilipotoka. Jicho lilikuwa linamtazama yeye.

Kesho yake mgeni aliangusha dume kubwa zaidi, kichwa cha yule wa kwanza akakisusa. Erasto alikipeleka kikakaushwa, kikawekwa macho ya kioo, akakitundika ofisini kwake Kilole, mjini Korogwe. Wiki hiyo hiyo Semboja aliamka na mchirizi kisogoni, mwembamba, usio na damu. Kufika adhuhuri ulikuwa umeshuka hadi mabegani.

Siku ya tatu, akiwa peke yake bafuni, mchana kweupe, alisikia kisu kinanolewa nyuma ya ukuta, akachungulia, hapana mtu, akarudi kujimwagia maji, harufu ya udi ikamkaba, na mkono usio wake, wa baridi, wenye subira ya fundi, ukaingia chini ya ngozi ya bega na kuanza kuitenganisha na nyama polepole, kwa ngumi badala ya kisu, vile vile alivyofundishwa yeye mwenyewe, ili ngozi isitoboke.

Mbwana alimkimbiza kwa Bibi Swaumu, mganga. Ubani ulipofuka, kitu kilimpanda Semboja kichwani, kikasema kwa kinywa chake.

"Mnyama wangu nimemwuliza. Anasema ni huyu."

"Huyu alitumwa, baba," Bibi Swaumu alinong'ona.

"Aliyemtuma hakumtazama mnyama wangu machoni, wala hakujitaja. Nachuna niliyeonyeshwa. Kesho adhuhuri nafika usoni."

Ndiyo hivyo. Risasi ya mgeni, amri ya meneja, sura ya kibarua. Hata jini, akija kulipiza, anaanzia kwa mnyonge.

Kesho yake asubuhi walipanda basi la Korogwe, shati limemgandia Semboja mgongoni, Mbwana kamshika mkono kama mtoto. Walimkuta Erasto anakula chapati chini ya kile kichwa. Semboja hakutoa hata salamu. Alivua shati, akageuka.

Chapati ilidondoka. Erasto alianza kunong'ona kwamba atampeleka hospitali, gari lipo, tena atamwajiri kabisa, mkataba wa kudumu, asaini leo leo. Maneno ambayo Semboja aliyasubiri miaka minne. Ukutani, juu ya kichwa cha meneja, kitu kilishusha pumzi, na chumba kikajaa udi.

"Mkataba kaa nao, bosi," Semboja alisema taratibu, maana shingo ilikuwa imeanza kuvutwa. "Simama hapa mbele yake. Mtazame machoni, umtajie jina lako, umwambie nani alinituma. Halafu mpigie mgeni wako simu, naye aseme. Fanya sasa hivi, adhuhuri imebakiza dakika kumi."